Mashine Inaamka kwa Amri ya Nani?

Betri moja ya duara, inayofanana na sarafu, ndiyo iliyoniambia kwamba kompyuta yangu haikuwa yangu.

Ilikuwa Julai 2023, miezi ile ya upepo Singida, vumbi linapoingia mpaka ndani ya sufuria. Nilikuwa natunga mtihani wa majaribio wa Historia kwa kidato cha nne. Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, toleo la mwaka 2012, niliyoinunua kwa shilingi 350,000 baada ya kudunduliza miezi mitano. Asubuhi hiyo niliiwasha, ikalia mara mbili, ikaniambia kwamba saa na tarehe zimepotea. Halafu ikatoa alama ya kufuli na nafasi ya kuandika nywila. Sikuwahi kuiwekea nywila hiyo. Nilijaribu jina langu, namba ya simu, hata neno "Tanzania". Ikagoma.

Fundi ninayemtegemea ana kibanda mtaa wa nyuma ya soko. Aliigeuza mashine, akaniwekea kidole kwenye stika iliyochakaa. Ilikuwa na namba ya mali na maneno mawili ya Kijerumani.

"Mwalimu, hii ilikuwa ya ofisi huko Ulaya," akasema. "Wao ndio waliweka nywila ya msimamizi. Betri ya saa ilipokuwa nzima, mashine ilikuwa inapita kimya kimya. Sasa imesahau tarehe, inataka kuingia kwenye mipangilio, na mwenye ufunguo wa mipangilio si wewe."

"Si tutoe diski tu, fundi?"

"Diski toa, kazi zako ziko salama. Lakini hata ukiweka diski mpya, itauliza swali lile lile. Nywila haiko kwenye diski. Iko kwenye bodi."

Kabla ya kuendelea aliniomba risiti. Kufuli hizi ziliwekwa pia kwa ajili ya wezi, akasema, na yeye hamfungulii kila anayekuja. Nilikuwa nayo, imekunjwa ndani ya shajara. Akaisoma, akanirudishia, ndipo akaniambia njia zilizopo. Ya kwanza ni kununua bodi nyingine, kwa bei inayokaribia ile niliyonunulia kompyuta nzima. Ya pili ni kubadilisha kabisa ile programu inayoiamsha mashine na kuweka nyingine iliyoandikwa na watu wasioficha kitu. "Ila hiyo ya pili," akasema, "nikikosea, unabaki na sinia."

Akanipa wiki moja ya kufikiri.

*

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, prosesa inaamka bila kujua lolote. Haijui ina kumbukumbu kiasi gani, haijui kama kuna kibodi, haijui diski ni nini. Amri zake za kwanza inazisoma kutoka chipu ndogo isiyozidi punje ya mahindi. Programu iliyomo humo inaitwa fimwea, na mafundi wengi wanaiita tu BIOS. Ndiyo inayoamsha kumbukumbu, inayohesabu vifaa, kisha inayokabidhi usukani kwa Windows au Linux. Kila kinachofuata kinaiamini. Ikikataa kufungua mlango, hakuna programu ya juu yake itakayobisha.

Mimi ni mwalimu wa Historia, si wa kompyuta. Lakini wiki ile nilijikuta nasoma habari za chipu hiyo kama ninavyosoma Mkataba wa Heligoland wa 1890: nani alitia saini, kwa faida ya nani, na sisi tulikuwa wapi wakati huo.

Sisi, ilitokea, tulikuwa Hazina.

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500. Nembo ilikuwa ya kampuni ya Uingereza, lakini mashine yenyewe ilibuniwa Marekani na kampuni ya RCA na kuuzwa kwa jina jingine. Serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta. Kazi ilitegemea wataalamu wa kigeni, kwa sababu Watanzania walioweza kuisoma mashine na programu zake walikuwa wachache mno. Zoezi likashindwa na fedha zikapotea, hesabu zikarudi kwenye vitabu na kalamu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini.

Nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hii, wanacheka. Nchi inapiga marufuku kompyuta? Huwa nawaacha wacheke, kisha nawaambia waipange kwenye mstari wa wakati. Azimio la Arusha ni 1967. Sheria iliyounda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ni 1973, mwaka mmoja tu kabla ya marufuku. Serikali ile ile iliyofunga mlango kwa kompyuta ilikuwa inatafuta mashine ndogo ambazo fundi wa wilayani angeweza kuzitengeneza na kuzikarabati. Waliochukua uamuzi huo hawakuwa wajinga. Walikuwa wameumwa na mashine wasiyoweza kuifungua.

Hapa Singida mfano wa mashine ya aina ya pili hauhitaji kutafutwa mbali. Ni ile ya kukamua alizeti. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Carl Bielenberg, akifanya kazi nchini, alibuni kinu cha mkono cha kukamua mbegu za alizeti. Karakana za hapa nyumbani ziliweza kukitengeneza, na baadaye kikaenea nchi nyingine za Afrika. Leo wakamuaji wengi wanatumia mashine za umeme, lakini desturi haijabadilika. Kitu kikikatika msimu wa mavuno, mwenye mashine hasubiri barua kutoka Ulaya. Anachukua spana, anafungua, anapeleka kipande kwa mchonga vyuma, jioni mafuta yanatoka. Hakuna anayeita hali hiyo uhuru, lakini msimu mzima unaitegemea.

*

Kompyuta binafsi nayo ilianza kama mashine ya spana. Neno BIOS lilitoka kwa Gary Kildall, aliyelitumia kwenye mfumo wake wa CP/M miaka ya 1970. Agosti 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, iliuza pia kitabu cha marejeo ya kiufundi chenye msimbo wa BIOS hiyo, mstari kwa mstari. Mtu yeyote mwenye kitabu aliweza kuusoma, ingawa sheria ya hakimiliki ilimzuia kuunakili.

Compaq walitafuta njia ya kupita. Kundi moja la wahandisi lilichunguza BIOS ya IBM na kuandika maelezo ya inachofanya. Kundi jingine, ambalo halikuwahi kuuona msimbo ule, likaandika BIOS mpya kwa kufuata maelezo hayo peke yake. Mwishoni mwa 1982 Compaq wakatangaza kompyuta yao. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuuza leseni za BIOS ya namna hiyo kwa watengenezaji wengine. Bei zikashuka, kompyuta zikajaa duniani. Lakini BIOS hizo mpya hazikuuzwa na kitabu chenye msimbo. Biashara ilikuwa imefunguka huku ndani ya mashine kukifungwa.

Miaka hiyo hiyo marufuku yetu ilianza kulegea, na kompyuta tulizozipokea zilikuwa tayari zimefungwa.

Waliojaribu kuifungua tena hawakuanza na hotuba. Mwaka 1999, kwenye maabara ya Los Alamos nchini Marekani, Ron Minnich na wenzake walikuwa wanaendesha kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Ukiwa na mashine moja, BIOS inayosimama na kukuomba ubonyeze kitufe ni kero ndogo. Ukiwa na mamia, ni kazi ya siku nzima. Wakaamua kuandika fimwea yao, wakaiita LinuxBIOS. Mwaka 2008 jina likabadilishwa kuwa coreboot. Ni programu huria: unaweza kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwenzako.

Afrika Mashariki iliguswa na fimwea huria bila kelele. Rwanda iligawa zaidi ya kompyuta 200,000 za XO kwa watoto wa shule za msingi chini ya mpango wa One Laptop per Child. Zile mashine za kijani na nyeupe zilikuwa zinaamshwa na Open Firmware, kazi ya Mitch Bradley, ambayo msimbo wake ulikuwa wazi. Hata hivyo mpango huo ulikuwa na kufuli yake dhidi ya wizi. Kwenye XO zilizofungwa, mtoto aliyetaka kuingia chini kabisa alilazimika kuomba ufunguo maalumu. Msimbo unaweza kuwa wazi na mlango ukabaki umefungwa.

Kwetu Tanzania, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zikiwa na menyu za Kiswahili. Ili kufika hapo walilazimika kukaa na kukubaliana maneno, moja baada ya jingine. Naiheshimu kazi hiyo, kwa sababu kitu ambacho huna jina lake huwezi kukidai. Lakini ile ilikuwa ghorofa ya juu. Msingi wa nyumba uliendelea kumwagwa na wengine, na mwaka 2004 ulikuwa karibu kuwa mgumu zaidi.

*

Kuanzia 2006, Intel walianza kuweka ndani ya kompyuta zao kompyuta nyingine ndogo, waliyoiita Management Engine. Ina programu yake, inaweza kufanya kazi hata prosesa kuu ikiwa imelala, na mwenye kompyuta hana amri nayo. Kwenye mashine za mwaka 2008 bado iliwezekana kuiondoa kabisa. Kwenye kizazi kilichofuata, ukiifuta programu yake yote, kompyuta inajizima baada ya dakika 30. Mwaka 2013 ikaja Boot Guard. Mtengenezaji akiamua, anachoma alama ya ufunguo wake ndani ya vifaa vyenyewe, isiyofutika, na kuanzia hapo mashine inakataa fimwea yoyote isiyo na saini yake. AMD nao wana prosesa yao ndogo ya usalama ndani ya prosesa.

Zipo sababu za kweli. Fimwea iliyoingiliwa na mhalifu ni balaa, kwa kuwa hata ukifuta diski yote mhalifu anabaki. Lakini mwaka 2017 udhaifu mkubwa uligunduliwa ndani ya Management Engine yenyewe. Mwenye kompyuta hakuwa na la kufanya ila kusubiri mtengenezaji atoe marekebisho, na kwa modeli nyingi za zamani, zile zinazotufikia sisi kama mtumba, kusubiri huko kunaweza kusiwe na mwisho.

Ndiyo maana wapenzi wa fimwea huria duniani wana tabia ya ajabu: wanatafuta vitu vya zamani. Mradi wa Libreboot, ulioanzishwa na Leah Rowe mwaka 2013, ulijijengea jina kwa mashine kama ThinkPad X60 na X200, ambayo ni ya mwaka 2008. Watu wa London na Berlin wanazisaka kompyuta ambazo kwenye vibanda vyetu zinauzwa kwa kuombewa.

Je, vipya vipo? Vipo, ila vinahesabika. System76 ya Marekani ilianza kuuza laptopu zenye coreboot mwaka 2019. Purism wanaziuza pia, Star Labs wa Uingereza vilevile. NovaCustom wa Uholanzi wanatumia Dasharo, toleo la coreboot linalotunzwa na kampuni ya 3mdeb ya Poland. Kwenye kompyuta hizi za Intel mpya kuna sehemu iliyobaki imefungwa, kwa sababu kuamsha kumbukumbu kunategemea kipande cha programu ambacho Intel hutoa bila msimbo. Anayetaka kila kitu kiwe wazi alipata Talos II ya Raptor, yenye prosesa ya POWER9 kutoka IBM, lakini bei yake ni ya taasisi, si ya mwalimu. Mwaka 2023 AMD walitangaza openSIL, mradi wa kufungua msimbo wa hatua hizo za mwanzo kwa prosesa zao zijazo.

Iliyo karibu zaidi na mfuko wetu ni Chromebook. Nyingi zinaamshwa na coreboot tangu kiwandani, na zinatufikia kwa mtumba. Kwenye modeli za zamani, kinachozuia fimwea isiandikwe upya ni skrubu moja kwenye bodi. Ukiijua, unaifungua. Usipoijua, ni skrubu kama nyingine.

*

Niliporudi kwa fundi, nilikwenda na maswali matatu kwenye karatasi. Modeli yetu iko kwenye orodha ya Libreboot, kwa jina lake kamili, herufi kwa herufi? Ni ya kabla ya Boot Guard? Na chipu yake inafikika bila kung'oa bodi nzima?

Akacheka. "Mwalimu umekuja na mtihani."

Majibu yote yalikuwa ndiyo. Ya 2012 ilikuwa imeponyoka kwa mwaka mmoja. Management Engine ilikuwemo, lakini sehemu yake kubwa ingeweza kukatwa kwa programu ya me_cleaner ya Nicola Corna na mashine ikaendelea kufanya kazi.

Tulianza saa tisa alasiri. Akatoa betri kubwa, akachomoa ile ndogo ya saa. Akafungua skrubu za chini, akainua kibodi na sehemu ya kuegemezea mikono, akanionyesha chipu mbili, moja ya megabaiti 8 na nyingine ya megabaiti 4. Alikuwa na kifaa cha CH341A, kile kidogo cha USB ambacho mafundi wengi wanakitumia kuflashia BIOS. Kabla ya kukigusisha popote alichukua mita na kupima. Vifaa hivi, akanieleza, mara nyingi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu inataka 3.3, na hapo ndipo watu wanapochoma bodi. Cha kwake alikuwa amekirekebisha.

Akabana klipu kwenye chipu ya kwanza na kuisoma mara tatu. Mara zote tatu faili zilitoka sawa. Akafanya hivyo kwa ya pili, kisha akahifadhi nakala kwenye flashi mbili tofauti, moja akanipa mimi. Humo ndani ilikuwemo fimwea ya zamani na mipangilio yake yote. "Weka," akasema. "Ikishindikana tunarudi tulikotoka."

Halafu akaandika mpya. Dakika chache, lakini upepo ulikuwa unagonga bati na mimi nilikuwa nawaza TANESCO. Umeme haukukatika. Akakagua alichoandika, akarudisha kumbukumbu, akaweka betri mpya ya saa, akabonyeza kitufe.

Kioo kikabaki cheusi.

Nilihesabu kimya. Nikifika kumi nilikuwa nimeshaanza kuipanga ile shilingi 350,000 upya. Fundi hakusema kitu, aliangalia tu taa ndogo ya pembeni. Ndipo maandishi meupe yakatokea, ya kawaida kabisa, yakiorodhesha diski. Hakuna kufuli. Hakuna nywila. Muda mfupi baadaye mtihani wangu wa majaribio ulikuwa mbele yangu, swali la saba likiwa nusu.

Nilitaka kumkumbatia, lakini tayari alikuwa na mteja mwingine. Dada mmoja, muuguzi kwa sare zake, alileta laptopu nzuri kuliko yangu, nyembamba, ya mwaka 2018. Kufuli ile ile, na risiti alikuwa nayo. Alikuwa amesikia mazungumzo yetu.

"Na yangu unaifanyia hivyo hivyo, kaka?"

Fundi akaiangalia chini, akasoma modeli, akatafuta kwenye simu. Akatafuta tena. Kisha akaifunga taratibu na kumrudishia kwa mikono miwili.

"Hii yako, dada, wameichoma ufunguo ndani. Haimo kwenye orodha. Labda ubadilishe bodi."

Dada akaniangalia, akaiangalia mashine yangu ya zamani, nene, yenye stika ya Kijerumani. Sikujua la kumwambia. Nilimpa ile karatasi yenye maswali matatu, ya kutumia siku atakaponunua nyingine.